Gari lililoinuliwa linabana mbele: ni difu, ni krosi, au ni lami tu?

Masika yakikaribia, gereji za Arusha na Karatu hujaa magari yanayotaka kuinuliwa. Yanawekewa springi ndefu, shokapu ndefu na matairi makubwa, kisha yanarudi barabarani yakiwa na kimo cha kuvuka korongo. Wiki chache baadaye baadhi ya wenyewe wanarudi na lalamiko lilelile: "Fundi, gari linabana mbele." Akikata kona usukani unakuwa mzito, gari linavutika kana kwamba kuna mtu amelishika kwa nyuma, tairi linalia kwenye lami, na wakati mwingine kuna chuma kinachogonga, ka, ka, ka, chini ya miguu ya dereva.

Hapo ndipo majibu yanapopishana. Fundi wa kwanza anasema difu imekufa. Wa pili anasema sivi jointi. Wa tatu, ambaye hakupenda gari liinuliwe tangu mwanzo, anasema toa hizo springi urudishe za kiwandani. Nimeshuhudia difu ya Hilux ikifunguliwa mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Mara zote mbili ilikutwa nzima, na mara zote mbili mwenye gari alilipa. Ubaya ulikuwa kwenye matairi.

Chanzo cha mkanganyiko ni neno lenyewe. "Kubana" linabebeshwa mambo matatu yasiyo na undugu. La kwanza ni kukazana kwa mfumo wa fowili, yaani magurudumu yote manne yakisukumwa na injini, ambako gari zima lina afya lakini limewekwa mahali pasipo pake. La pili ni krosi au sivi, vile viungo vinavyopinda vya shafti, kufikishwa kwenye pembe ambayo haikuumbwa kuifikia, na hili ndilo linaloletwa na kuinua. La tatu ni gurudumu lenyewe kushikwa, na breki au na beringi, jambo ambalo lingetokea hata gari lisingeinuliwa. Dawa ya moja haitibu lingine.

Nguvu inavyopita

Injini inalisha gia boksi. Nyuma ya gia boksi kuna boksi la pili, transfa, na kazi yake ni kugawa: nguvu iende nyuma peke yake, au iende nyuma na mbele kwa pamoja. Kutoka transfa zinatoka propela mbili, yale mabomba ya chuma yanayozunguka chini ya gari, moja kwenda mbele na moja nyuma. Kila propela inaingia kwenye difu, nayo difu inagawa mzunguko kwa gurudumu la kushoto na la kulia, ikiruhusu moja kukimbia kuliko lingine kwenye kona. Kutoka difu ya mbele kuna shafti mbili zinazofika magurudumuni.

Propela haiwezi kuwa fimbo iliyonyooka, kwa sababu transfa iko juu na difu iko chini. Ndiyo maana kila mwisho una krosi, msalaba mdogo wa chuma wenye beringi nne, unaoiruhusu ipinde huku ikizunguka. Magurudumu ya mbele yana shida zaidi, maana lazima yazunguke na pia yakate kona. Huko hutumika sivi jointi, ambayo inapinda sana bila kuyumbisha mwendo. Mwisho kabisa, katikati ya rimu, Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70 na Hilux za zamani zina frihwili, ile swichi ya kuzungusha kwa mkono yenye maandishi ya FREE na LOCK. Ukiifungua, gurudumu linabiringika peke yake na shafti, difu na propela ya mbele vinalala. Ikumbukeni hiyo frihwili, kwa sababu ni chombo cha uchunguzi ambacho mwenye gari anacho bure na hakitumii.

Kukazana kwenye lami

Umewahi kuvuta mkokoteni ukakata kona kali? Wewe uliye mbele unatembea duara kubwa, magurudumu ya nyuma yanachora duara dogo. Gari ni hivyohivyo. Ekseli ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma kila unapokata kona.

Tuweke hesabu. Chukua gari lenye mita 3 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Land Cruiser 78 ina karibu hizo. Kata usukani hadi katikati ya ekseli ya nyuma ichore duara ambalo nusu kipenyo chake ni mita 6. Katikati ya ekseli ya mbele itachora la mita 6.7. Ukimaliza duara zima, mbele imetembea mita 42 na nyuma mita 38 kasoro kidogo. Tofauti ni kama mita 4.4. Kwa tairi la inchi 31, ambalo mzunguko wake mmoja ni karibu mita 2.5, hiyo inakaribia mizunguko miwili ya gurudumu. Kwa difu ya uwiano wa 4.1, yaani propela inazunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja, ni zaidi ya mizunguko 7 ya propela.

Sasa, kwenye Hilux, Suzuki Jimny au Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ukiingiza fowili transfa inazifunga propela mbili ziwe kama kitu kimoja. Lazima zizunguke sawasawa. Hiyo mizunguko 7 iliyozidi iende wapi? Kwenye matope na changarawe inaishia chini ya tairi: linateleza kidogo, deni limelipwa, wala husikii kitu. Kwenye lami kavu tairi halikubali kuteleza, kwa hiyo deni linalundikana kwenye vyuma. Ni kama watu wawili wanaokamua blanketi lililolowa, mmoja anasokota huku, mwingine kule. Shafti, meno ya gia na krosi zote zinasokotwa, mpaka tairi lishindwe na kuruka kwa kishindo, au chuma dhaifu kuliko vyote kikatike.

Dereva anayetoka Serengeti na Ngorongoro anaijua hali hii hata kama hajui jina lake. Amekuwa kwenye vumbi na tope siku nzima akiwa na fowili. Anavuka lango la Lodoare, lami inaanza, anateremka zile kona za kuelekea Karatu, na gari linaanza kuwa zito. Akivuta mkono wa gia kutoa fowili, unagoma. Hapo wengi huhitimisha kwamba transfa imeharibika. Gari hilo ni zima. Meno ya transfa yamebanwa na ule msokoto na hayawezi kuachana. Piga rivasi mita chache ukiwa umenyoosha usukani, au peleka gurudumu moja kwenye mchanga wa pembeni, msokoto unafunguka na mkono wa gia unatoka wenyewe.

Onyo moja hapa, na nalisema kwa uzito. Gari lililokazana likipigwa jeki na gurudumu likaachana na ardhi, gurudumu hilo linaweza kufyatuka na kuzunguka ghafla. Mkono usiwe karibu nalo.

Kuna magari ambayo hukaa kwenye fowili muda wote: Defender, Prado za mfululizo wa 120 na 150, na Land Cruiser 80 nyingi. Haya yana difu ya tatu katikati, ndani ya transfa, inayoruhusu propela ya mbele na ya nyuma kutofautiana mwendo. Ndiyo maana yanatembea kwenye lami bila taabu. Lakini ukibonyeza kitufe cha kuifunga hiyo difu ya katikati, yanakazana kama mengine yote. Nimesikia mara nyingi ikidaiwa kwamba gari la fowili ya kudumu halikazani kamwe. Halikazani mpaka ulifunge.

Kuinua gari hakuzalishi kukazana huku. Tairi kubwa linaweza kukufanya ukuhisi zaidi, kwa kuwa lina mkono mrefu wa kuzisokotea shafti kabla halijateleza, ila deni lenyewe linatoka kwenye kona. Basi, ikiwa gari lako linabana likiwa kwenye fowili tu, kwenye lami tu, na kwenye kona tu, funga boneti nenda nyumbani.

Likibana likiwa linakwenda moja kwa moja kwenye fowili, hiyo ni habari nyingine. Mbele na nyuma hazikubaliani hata kwenye mstari ulionyooka, na sababu kubwa ni mbili.

Ya kwanza ni matairi, na ndiyo iliyomgharimu yule wa Hilux. Alipoinua gari alikuwa na fedha ya matairi mawili tu makubwa, akayafunga mbele. Tairi la 265/75R16 na la 265/70R16 ukiyatazama kwa macho ni ndugu, ila vipimo vyake vinatofautiana kwa zaidi ya asilimia 3. Kwa kila kilomita moja, tairi dogo linazunguka mara 13 zaidi ya kubwa. Nenda kilomita tano ukiwa kwenye fowili kwenye ardhi ngumu, uone.

Ya pili ni difu iliyobadilishwa. Difu za mtumba huja na uwiano tofauti, 3.7, 3.9, 4.1, na kwa nje hufanana. Ukifungiwa mbele ya 3.9 na nyuma ikabaki 4.1, gari litatembea vizuri kwa miaka mingi bila fowili, na litakaza siku utakapoiingiza. Kupima hakuhitaji kufungua kitu. Tia kabari magurudumu mengine yote vizuri, weka transfa kwenye nyutro, na kama ni mbele hakikisha frihwili ziko LOCK. Inua gurudumu moja la ekseli hiyo, lingine libaki limekanyaga chini. Weka alama ya chaki kwenye tairi lililo juu na kwenye propela. Zungusha tairi mara 20 huku mwenzako akihesabu propela. Zikifika 41, difu ni ya 4.1. Zikiishia 39, ni ya 3.9. Rudia kwenye ekseli nyingine. Ni robo saa ya kazi, na ningependa kila anayenunua fowili iliyotumika aifanye kabla ya kutoa fedha.

Kuinua kunabadilisha nini hasa

Swali la kujiuliza ni moja: difu yako ya mbele imefungwa kwenye nini?

Kuna magari ambayo difu ya mbele iko ndani ya ekseli nzima, lile gogo la chuma linalotoka gurudumu hadi gurudumu. Ndivyo zilivyo Land Cruiser za 76, 78 na 79, Jimny, Defender za zamani, na Hilux za springi za bapa za miaka ya 1980 na 1990. Hapa difu hupanda na kushuka pamoja na magurudumu. Ukiinua gari, chasisi na transfa vinakwenda juu, difu inabaki chini. Pembe inayoongezeka ni ya propela. Shafti zilizo ndani ya ekseli hazijui hata kama gari limeinuliwa, na sivi zake zitapinda kwa usukani tu, kama zamani.

Kuna mengine ambayo kila gurudumu la mbele linajitegemea, na difu imefungwa kwenye chasisi. Hilux za kuanzia kizazi cha Vigo kilichotoka mwaka 2004 ziko hivyo, na Prado 120 na 150 pia. Hapa mambo yanageuka. Ukiinua gari, difu inapanda pamoja na transfa na propela haibadiliki hata kidogo. Zinazoumia ni shafti mbili fupi zinazotoka difu kwenda magurudumuni, na sivi zake.

Kwa hiyo anayesema "kuinua kunaua sivi" anasema kweli kuhusu gari moja na anakosea kuhusu lililoegeshwa pembeni yake. Fundi atakayebadilisha sivi za Land Cruiser 79 kwa sababu tu gari limeinuliwa amebadilisha kitu ambacho hakikuguswa. Na yule anayetengeneza propela ya mbele ya Vigo kwa sababu hiyohiyo naye amepotea njia.

Kuna pia kuinua bodi peke yake, kwa vipande vinavyowekwa kati ya bodi na chasisi. Huko transfa, difu na propela vyote vinabaki mahali pake. Bodi iliyoinuliwa haibanishi propela.

Krosi inayochechemea

Kwenye magari ya ekseli nzima ndiko kwenye mengi ya kueleza, na mwanzo wake ni tabia ya krosi ambayo watu wengi hawaijui. Krosi iliyopinda haipitishi mwendo laini. Upande mmoja ukizunguka kwa kasi ile ile, upande wa pili unaharakisha na kupunguza, mara mbili kwa kila mzunguko, kama mtu anayechechemea: anafika kwa wakati, lakini hatua zake hazilingani. Kwenye pembe ya nyuzi 10 mchechemeo huo ni asilimia 1.5 hivi, juu na chini ya mwendo wa kawaida. Kwenye nyuzi 20 ni asilimia 6. Kwenye nyuzi 30 ni kama asilimia 15. Pembe imeongezeka mara tatu, ubaya umeongezeka mara kumi.

Propela ina krosi mbili kwa sababu hiyo. Zikiwa na pembe sawa na zimepangwa kwa mstari unaotakiwa, ya pili inafuta mchechemeo wa ya kwanza. Pembe zikiachana, haifuti yote, na kinachobaki ndicho unachokisikia kwenye sakafu. Kwa gari tulilolihesabu hapo juu, kwenye kilomita 80 kwa saa propela inazunguka kama mara 37 kwa sekunde, kwa hiyo mapigo ni zaidi ya 70 kila sekunde. Dereva anasema gari linaunguruma. Kwenye mwendo mdogo, usukani ukiwa umekatwa na mguu uko kwenye mafuta, anasema linavuta na kuachia.

Propela ya mbele huumia kuliko ya nyuma kwa sababu kwa kawaida ni fupi. Tuseme ina sentimita 70, na gari limeinuliwa sentimita 7.5, yaani inchi 3. Pembe inaongezeka kwa nyuzi 6 hivi. Propela yenye urefu mara mbili ya huo ingeongezewa nyuzi 3 tu. Zikiwa zimejumlishwa na pembe ya kiwandani, halafu gurudumu likaning'inia kwenye shimo, masikio ya krosi, yale mashiko ya chuma yanayoishika, yanaweza kugusana, chuma kwa chuma. Huko ndiko kubana halisi, na dalili yake inaonekana kwa macho: sehemu ndogo kwenye masikio iliyong'aa au iliyochubuka, katikati ya chuma chenye vumbi na kutu.

Halafu kuna mgogoro ambao hauna suluhu kamili, na fundi mkweli atakuambia mapema. Tazama forki ya baiskeli. Haikusimama wima, imelala kidogo, na ndiyo maana unaweza kuachia mikono na baiskeli ikaendelea kunyooka. Magurudumu ya mbele ya gari nayo yamelazwa hivyo. Ukiinua gari la ekseli nzima, mara nyingi ekseli inajizungusha na ule mlalo unapungua, gari linaanza kutangatanga barabarani na usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Dawa inayojulikana ni bushi au vyuma vya kurudisha mlalo. Lakini kichwa cha gurudumu na mdomo wa difu, pale propela inapoingia, ni chuma kimoja. Ukizungusha ekseli kurudisha mlalo, mdomo wa difu unainama, na krosi ya chini inapinda zaidi. Ukiuinua mdomo ili krosi ipumzike, gari linarudi kutangatanga. Kwa inchi mbili watu wengi wanapata mahali pa katikati panapokubalika. Ukienda nne, unahitaji propela ya aina nyingine, yenye krosi mbili zilizounganishwa upande wa transfa, na mdomo wa difu ulioelekezwa kwake. Anayekuuzia springi za inchi nne bila kulitaja hilo amekuuzia nusu ya kazi.

Sivi kwenye gari la magurudumu yanayojitegemea

Hapa maelezo ni mafupi. Shafti ni fupi, kwa hiyo kila sentimita unayoinua inageuka kuwa pembe kubwa. Shafti yenye sentimita 40 kati ya sivi zake mbili inaongezewa karibu nyuzi 7 kwa kuinua sentimita 5. Sivi inavumilia, lakini raba yake inaanza kujisugua mikunjo kwa mikunjo, inapasuka, grisi inatoka, vumbi linaingia, na baada ya hapo unasikia ule mlio wa ka-ka-ka ukikata kona huku umekanyaga mafuta.

Jambo linalofaa kujulikana zaidi ni namna gari lilivyoinuliwa. Springi ndefu zinazoizunguka shokapu ya urefu ule ule zinaliweka gari juu, lakini gurudumu likining'inia linasimama palepale pa kiwandani, kwa sababu shokapu ndiyo inayolizuia. Kipande cha chuma kinachowekwa juu ya shokapu kinalishusha gurudumu zaidi ya pale. Gari mbili zikiwa zimeegeshwa zina kimo sawa. Zikiingia shimoni, sivi za moja zinabaki salama na za nyingine zinapita mwisho wake. Bei ya kipande ni ndogo kuliko ya springi, na watu wanachagua kwa bei.

Namna ya kulisaka

Anza na kuuliza kabla ya kushika spana. Linabana likiwa na fowili au bila? Kwenye kona au kwenye mnyooko? Lami au vumbi? Ukikanyaga mafuta au hata ukiachia? Majibu manne hayo peke yake huondoa nusu ya washukiwa.

Kisha frihwili. Weka transfa kwenye mwendo wa magurudumu mawili, frihwili zote mbili FREE, uendeshe. Propela ya mbele sasa haizunguki. Mlio na mtetemo ukiisha, mkosaji ni kitu kinachozunguka kati ya transfa na rimu. Ukibaki, geukia gurudumu: gusa rimu baada ya kilomita kadhaa, kwa uangalifu, uone kama moja lina joto kuliko mwenzake. Pistoni ya breki iliyoganda au beringi iliyokazwa kupita kiasi itajitambulisha kwa joto. Usukani ukiwa mzito hata gari likiwa limesimama juu ya jeki, tazama beringi za kingipini, zile pini ambazo gurudumu hugeukia likikata kona.

Kisha frihwili LOCK, bado magurudumu mawili. Sasa shafti na propela ya mbele zinazunguka zikiburutwa tu, bila kupewa nguvu. Mtetemo ukirudi unaokwenda na kasi, pima pembe. Simu yako ina kipimo cha usawa: ilaze juu ya bomba la propela, kisha juu ya uso bapa wa mdomo wa difu, kisha kwenye uso wa transfa, uandike nyuzi. Pembe mbili za krosi zikiachana sana, umepata.

Kwa kubana kwa chuma na chuma, chasisi iwekwe juu ya stendi imara, magurudumu ya mbele yaning'inie kabisa, yale ya nyuma yatiwe kabari, transfa iwe nyutro, injini izimwe. Zungusha propela kwa mkono, polepole, mzunguko mzima, kisha ukate usukani kushoto hadi mwisho na urudie, kisha kulia. Krosi inayokaba utaisikia kwenye kiganja kabla ya kuiona. Gari linalobana likiwa hivi tu, na halibani likiwa limekanyaga chini, linahitaji mkanda wa kuzuia ekseli isishuke hadi huko, na huo ni mkanda wa bei ndogo.

Mwisho ni kuitoa propela ya mbele kabisa. Kabla hujaifungua, weka alama kila kiungo kinapokutana, kwa sababu ikirudishwa kwa mpangilio mwingine utatengeneza mtetemo ambao haukuwepo. Gari lenye fowili ya kuingiza litatembea kwa nyuma peke yake. Lenye fowili ya kudumu lazima difu ya katikati ifungwe, la sivyo halitasogea.

Hatua hiyo niliidharau kwenye gari langu mwenyewe, Hilux ya zamani ya springi za bapa niliyoiinua inchi mbili. Ilikuwa ikipita tuta au shimo, mbele inapiga kishindo kigumu, kama imefika mwisho wa springi, na kwa dakika kadhaa gia zinalia. Nilifungua frihwili, kishindo kikabaki. Nikahitimisha kuwa hakitoki kwenye propela, maana haizunguki. Nikabadilisha shokapu. Nikabadilisha bushi. Kishindo kikabaki.

Nilichosahau ni kwamba propela haizunguki tu, inarefuka na kufupika pia. Katikati yake kuna bomba linaloteleza ndani ya bomba, ili ekseli ikipanda na kushuka propela iifuate. Sehemu hiyo ina nipeli yake, kitundu cha kuingizia grisi. Gari lilipoinuliwa propela ilivutika, nafasi ya ndani ikaongezeka, na siku ya huduma bomba la grisi likapigwa mpaka nafasi yote ikajaa. Grisi haibanwi. Ekseli ilipotaka kupanda, propela ilikuwa gongo moja gumu, na kila tuta lilikuwa linaisukuma beringi ya transfa kama nyundo.

Nilipoitoa propela na kuendesha bila hiyo, kishindo kikakoma kwenye tuta la kwanza. Nikailaza chini, nikafungua nipeli, nikaisukuma kwa mwili wangu wote. Grisi ilitoka kwenye tundu kwa mchirizi mrefu, na propela ikajikunja sentimita tatu.